Namba Niliyoifuta kwa Raba

Jana usiku niliketi kujaza taarifa ya mwaka ya usharika, kazi ambayo kila mwaka huiahirisha hadi siku ya mwisho huku nikisingizia wingi wa shughuli. Fomu yenyewe haina ugumu: wastani wa mahudhurio ya ibada, waliobatizwa, waliokata shauri, waliohama, jumla ya matoleo, na chini kabisa mistari mitatu ya "mengineyo". Nilipojumlisha hesabu za wazee wa zamu nilipata wastani wa watu 143. Niliitazama namba hiyo kwa muda, kisha mkono ukaandika 150. Nilikuwa na sababu zangu tayari, kwamba watoto hawahesabiwi vizuri, kwamba wapo wanaosimama nje karibu na mlango, kwamba tofauti ni watu saba tu. Baadaye nikaifuta, nikairudisha 143, na karatasi ikabaki imechakaa pale raba ilipopita.

Watu saba hawakuninyima usingizi. Kilichoninyima ni kwamba katika zile dakika chache ambazo 150 ilikuwa imeandikwa pale, nilijiona mchungaji aliyefanya kazi nzuri zaidi, na nilipoirudisha 143 nilijisikia nimeshushwa cheo. Hakuna aliyeniona, wala hakuna aliyeniuliza. Nilijipandisha mwenyewe na kujishusha mwenyewe, kwa penseli, saa nne za usiku.

Kwa kuwa usingizi ulikuwa umeruka, nilifungua habari ya Daudi na sensa yake katika kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24. Huwa inanishangaza kwamba aliyejaribu kumzuia mfalme ni Yoabu, jemadari wake, mtu ambaye damu ya majemadari wenzake Abneri na Amasa ilikuwa mikononi mwake. Hata yeye aliona kwamba hesabu ile haikuwa na haja. Neno la mfalme likashinda, na baada ya miezi tisa na siku ishirini wakarudi na jumla ya mashujaa 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Mambo ya Nyakati ya Kwanza inataja 1,100,000 na 470,000, tena bila Lawi na Benyamini, na wafafanuzi wametoka jasho kuzioanisha namba hizo. Mimi hunigusa zaidi mstari mmoja ulio mbele, katika sura ya 27 ya kitabu hicho hicho, unaosema kwamba Yoabu alianza kuhesabu lakini hakumaliza, wala hesabu hiyo haikuingizwa katika taarifa za mfalme Daudi. Kazi ya karibu miezi kumi, iliyofuatwa na tauni iliyoua watu 70,000, na hatimaye namba yenyewe haikupata hata nafasi kitabuni.

Hata hivyo, sitaki kusema kwamba kuhesabu ni dhambi, maana hilo lingekuwa jibu rahisi kupita kiasi, na Biblia yenyewe ingenisuta. Musa aliamriwa kuhesabu jangwani Sinai, akapata 603,550. Luka hakuona haya kuandika kwamba siku ya Pentekoste waliongezeka watu wapatao 3,000, na katika Injili ya Yohana mtu fulani aliketi ufuoni akahesabu samaki 153, mmoja mmoja. Tena nimewaona viongozi, na baadhi ya miaka nimekuwa mmoja wao, waliolifanya neno "uaminifu" kichaka cha kujifichia uvivu: ibada imepoa, vijana wameondoka, nasi tunajibu kwamba Mungu haangalii namba.

Tofauti naiona katika Kutoka sura ya 30. Pale kila aliyehesabiwa alipaswa kutoa nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze. Sheria hiyo nimeisoma mara nyingi bila kuitia maanani. Aliyehesabiwa alikuwa akikiri kwa nusu shekeli ile kwamba yeye ni wa Bwana, na hivyo aliyeshika orodha hakuwa na cha kujivunia. Daudi alihesabu ili ajue yeye ni mkubwa kiasi gani. Mimi na penseli yangu tulikuwa upande wa Daudi.

Zamani nilipochoka nilijifariji kwa habari za wamisionari waliongoja muda mrefu, kama Adoniram Judson, aliyefika Burma mwaka 1813 na kumbatiza mwongofu wa kwanza mwaka 1819. Siku hizi faraja hiyo naitilia shaka kidogo, kwa sababu tunaisimulia kwa kuwa tunajua kwamba baadaye waliamini maelfu. Imani yetu inakuwa bado imeegemea matokeo, ila yamecheleweshwa. Yeremia hanipi nafasi hiyo. Alihubiri kwa takriban miaka 40, tangu mwaka wa kumi na tatu wa mfalme Yosia hadi Yerusalemu ilipoanguka na hata baada yake, kisha waliosalia wakamchukua kwenda Misri kinyume cha neno alilowapa, na huko nako wakamwambia waziwazi kwamba hawatamsikiliza. Baruku, mwandishi wake, aliambiwa asijitafutie mambo makuu. Sijui kama kuna neno gumu zaidi kwa mtu anayeshika kalamu usiku kujaza taarifa.

Nikarudi kwenye fomu. Mwaka uliopita wastani ulikuwa 131, kwa hiyo tumeongezeka watu 12, na katika mkutano wa wazee ongezeko hilo lingepigiwa makofi. Ili kuhakikisha, nilichukua daftari la kikundi cha kujifunza Biblia, lenye majina badala ya jumla, nikaanza kupitia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mama mmoja wa benchi la pili upande wa dirishani hajaonekana tangu mwezi wa nne. Miezi minane. Yule mchungaji wa kondoo mia katika mfano wa Yesu asingejua kwamba wamebaki 99 kama hakuhesabu. Mimi nilihesabu kila Jumapili, na kwa kuwa jumla ilikuwa ikipanda sikuona kwamba kuna mtu hayupo. Wageni walikuwa wamelijaza benchi lake.

Leo alasiri nimekwenda kwake. Alifungua mlango, akanitazama kidogo kabla ya kunikaribisha, kisha akasema, "Mchungaji, nilijua mmenisahau." Kulikuwa na majibu ya kichungaji ambayo ningeweza kumpa, na yote yangekuwa ndugu wa ile 150. Nikamwambia, "Ni kweli, mama. Nilikusahau. Nisamehe." Alinyamaza, kisha akaniongoza ndani alikolala mama yake mzazi, ambaye kwa muda huo wote hawezi kuachwa peke yake hata saa moja. Pembeni ya kitanda palikuwa na kitabu cha nyimbo kilichofungwa kwa mpira kwa sababu kurasa zimeachana na gundi. Alinieleza kwamba kila Jumapili, saa ile ile ya ibada yetu, wao wawili huimba. Bibi hakumbuki tena majina ya wanawe, lakini akianzishiwa wimbo hufika ubeti wa tatu bila kukosea. Wakaniimbia mmoja, nami nikaitikia besi, sauti ya bibi ikiwa nyembamba kama uzi, akinipita kila niliposita kwenye maneno. Kabla sijaondoka tuliomba, na nikamwahidi kwamba wazee watapanga zamu ya kukaa na bibi ili naye apate kutoka.

Sasa nimerudi, na fomu bado iko mezani, 143 ikiwa juu ya alama ya raba. Nimeandika majina manne ya watu wa kuanza zamu kwenye karatasi nyingine. Mistari mitatu ya "mengineyo" bado mitupu.