Treni ilishapita

Sendoff ya binti wa Baba Mdogo imepita salama, mitihani ya kidato cha pili imeanza, lakini mimi wiki nzima nimekaa na kauli moja tu ya mdogo wangu Ambakisye, dereva wa bajaji.

"Dada, treni ilishapita asubuhi."

Ilikuwa Jumapili, tunatoka kwa Mama. Mimi nyuma kwenye bajaji na kapu la parachichi, Baraka mapajani, redio juu kabisa. Tulipofika penye reli ya TAZARA alipunguza mwendo kwa sababu ya mashimo tu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, simama kwanza uangalie." Akanijibu hivyo bila hata kugeuza shingo. "Na ya mizigo je?" Akacheka. "Woga wa walimu huo, dada." Tukavuka.

Ilishapita ipi? Ya abiria ina siku zake, mtu anaweza kuizoea. Ya mizigo inakuja na shaba kutoka Zambia saa yoyote, na mafundi wa njia nao wana kiberenge chao, kile kigari kidogo cha relini. Tulipokuwa juu ya njia nilitazama chini: ubavuni chuma kimejaa kutu, juu kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Reli haing'ai hivyo kwa treni ya abiria peke yake. Halafu kushoto kuna kona na mikaratusi, huoni mbali. Kwa redio ile, honi utaisikia saa ngapi?

Watu husema wahusika waweke geti na mlinzi. Waweke, nawaunga mkono kabisa. Lakini dereva wa treni hana pa kukwepea. Ana honi na breki, na treni iliyobeba mzigo inaweza kwenda kilomita nzima na zaidi ndipo isimame. Anayeweza kusimama pale pale ni mwenye bajaji. Novemba 2023 basi liligongana na treni ya mizigo kule Manyoni, abiria wakafa, na hakuna hata mmoja wao aliyeshika usukani. Hapo ndipo panaponiuma. Ambakisye alimwamulia Baraka.

Jana jioni akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Shikamoo dada! Nimepata tenda ya kupeleka watoto shule." Tangu achukue mkopo wa bajaji sijamsikia hivyo. Wifi alikuwa anapiga vigelegele nyuma yake, nami nikavipokea huku machozi yananitoka. Kisha nikauliza njia. Ni ileile.

"Watoto wa watu hao, Ambakisye. Kila ukifika pale zima redio, simama, tazama huku na huku, ndipo uvuke. Hata kama ilishapita."

Akanyamaza kidogo. "Nimekusikia, dada." Safari hii hakucheka. Jumatatu nitapanda naye raundi ya kwanza, shuleni nimeshaaga kwamba nitachelewa.

Mama naye kanipigia usiku huu. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku haujaingia kwenye simu yake, majirani wote wameshapata, na mvua imeshaanza upande wa milima ya Uporoto. Shamba limelimwa, mbegu ziko ndani. Naogopa alijiandikisha kwa laini yake ya zamani ya simu, iliyopotea msibani, na mtendaji wa kijiji hapokei simu.