Fangasi za ukeni zilizokuwa zikinirudia: kosa langu lilikuwa usiku wa nne

Hatimaye nalala bila kujikuna, kwa hiyo naandika. Ilianza nilipomaliza dozi ya antibayotiki ya koo: muwasho mkali, kuungua nikikojoa, utoko mweupe wa mabonge kama maziwa mgando, bila harufu. Nikajisafisha ndani kwa sabuni, kwa maji ya chumvi, hata kitunguu saumu (usijaribu, kinaunguza vibaya). Nikanunua klotrimazoli duka la dawa, vidonge sita vya fangasi vya kuweka ukeni. Muwasho ulipokata siku ya tatu, nikaacha. Wiki mbili tu, ukarudi.

Zahanati walichukua majimaji kwa pamba, wakapima na sukari. Fangasi kweli, sukari sawa. Muuguzi akauliza, "Dada, vile vidonge sita ulivimaliza?" Kumbe! Safari hii niliweka kimoja cha miligramu 100 kila usiku, ndani kabisa, nikiwa nimelala chali, hadi cha sita, ingawa muwasho ulishakata mapema. Ndani sikuosha tena. Nje maji matupu, na chupi za pamba. Sasa ni mwezi wa tano haijarudi.

Ukiwa mjamzito, au utoko una harufu au rangi ya kijani, anza na kipimo: huenda si fangasi.