Nilivyolitambua shamba la Alabama kwa kufuata barua ya 1835

Mwenye mashamba mmoja wa kaunti ya Marengo, Alabama, anamwandikia rafiki yake wa Virginia na kumhimiza anunue shamba linalouzwa jirani yake. Nakala ya barua hiyo aliipata mama mmoja ninayesali naye hapa Montgomery, ndani ya nyaraka za familia iliyowamiliki mababu zake. Mama huyo alikuwa ameufuatilia ukoo wake hadi sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wengi wa waliotoka utumwani. Kabla ya hapo, njia ilikuwa imefungwa. Alinijia mimi kwa sababu ni mpima ardhi, nilisomea Morogoro, na barua ilikuwa na namba za shamba ambazo hakuna aliyeweza kumfafanulia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuisoma tu. Enzi hizo posta ilitoza kwa karatasi, senti 25 kwa karatasi moja ikienda zaidi ya maili 400, na bahasha nayo ingehesabiwa karatasi. Basi mwandishi aliijaza karatasi, akaigeuza upande, akaandika tena juu ya mistari ileile kwa kuikatisha. Nilichapa nakala kubwa mbili, nikakoleza kwa kalamu ya rangi mistari ya upande mmoja katika kila nakala, na maneno yakaanza kuachana. Herufi s zikifuatana mbili, ile ya kwanza huonekana kama f. Ukishaizoea hiyo, mwandiko wa wakati ule haukutishi tena.

Mwandishi alikuwa mjuzi wa ardhi, hilo siwezi kumnyima. Anaeleza udongo mweusi unaokaa juu ya chokaa, miti iliyopo, umbali hadi mto Tombigbee ambako marobota ya pamba yalipakiwa kwenda bandari ya Mobile. Anashauri nyumba ijengwe mwinukoni kwa sababu ya homa za kiangazi. Malipo ni theluthi taslimu, inayobaki kwa awamu. Kisha, kati ya habari za kisima na habari za uzio, anamwambia rafiki yake auze ardhi ya Virginia lakini watu asiwauze. Aje nao wote, maana Alabama bei yao iko juu na kuwapata wengine ni gharama.

Mama aliniomba nimsomee sehemu hiyo mara ya pili. Kati ya 1790 na 1860 watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya juu ya Kusini, kama Virginia, kwenda huku kwenye mashamba ya pamba. Nilikuwa naijua hesabu hiyo. Sikuwa nimewahi kuona ushauri wenyewe ukitolewa kwa upole namna ile, rafiki kwa rafiki. Na Wachoctaw, wenyeji wa asili waliolazimika kuiachia serikali ardhi ya eneo lile kwa mkataba wa 1816, hawatajwi hata kwa neno moja.

Namba sasa. Serikali ya Marekani iliigawa ardhi ya Alabama kwa miraba: taunishipu moja ina maili 6 kwa 6, ndani yake seksheni 36, kila moja ekari 640. Barua ilitaja robo ya seksheni, yaani ekari 160, lakini wino ulikuwa umevuja: 13 au 15? Jibu lilikuwa mstari wa chini, aliposema shamba linapakana na ardhi ya shule. Seksheni ya 16 katika kila taunishipu ilitengwa kwa ajili ya shule. Ya 15 inagusana nayo upande wa mashariki. Ya 13 iko pembezoni kabisa. Kwa hiyo ni 15. (Shule hiyo haikuwa ya watoto wa mababu za mama. Sheria ya Alabama ya 1832 iliweka faini ya dola 250 hadi 500 kwa atakayemfundisha mtu mweusi kusoma, awe mtumwa au huru.)

Kumbukumbu za ardhi za serikali kuu ziko kwenye intaneti, bure, na unaweza kutafuta kwa taunishipu na seksheni bila jina la mtu. Hati ya kwanza ilijitokeza: muuzaji aliinunua robo ile serikalini kwa dola 1.25 kwa ekari, jumla dola 200. Mauzo yaliyofuata hayako huko. Hayo yanatunzwa kaunti, katika ofisi ya jaji wa mirathi, na ndiko tulikoikuta hati yenye jina la yule rafiki wa Virginia. Kumbe alikubali ushauri.

Ofisi hiyohiyo hutunza mirathi. Orodha ya watumwa katika sensa ya 1850 ina umri, jinsia na rangi, majina yao hakuna, lakini mwenye watumwa akifa wathamini waliandika kila mtu kwa jina na bei. Tulipofungua orodha ya mali ya yule rafiki, mama alisimamisha kidole kwenye jina la kike ambalo lipo kwenye ukoo wake, na umri wake unalingana na wa bibi aliyeandikwa mwaka 1870. Haujawa ushahidi kamili. Tumeiandikia kaunti ya Virginia alikotoka mnunuzi kuomba wosia wa baba yake, kwa sababu kama mwanamke yule alirithiwa, jina lake litakuwa humo.