Wati Tatu kwa Wati Ishirini

Likizo ya Agosti nilisafiri kwa treni ya SGR kutoka Mombasa kwenda Nairobi pamoja na mpwa wangu wa miaka 11. Yeye alibeba Nintendo Switch, konsoli (mashine ya gemu) ya kubeba niliyomrithisha, nami nikabeba Steam Deck, kompyuta ya kiganjani ya kampuni ya Valve iliyochukua nafasi yake. Tulikaa tukitazamana, kila mmoja ameinamia mashine yake: yeye akipanda milima ya gemu ya Breath of the Wild, mimi nikipambana na ile ya Elden Ring. Safari huchukua takriban saa tano. Hatujafika Mtito Andei, takriban nusu ya njia, skrini yangu ikazima. Mpwa wangu aliinua macho akaniuliza, kwa upole ulionichoma zaidi kuliko kama angenicheka, “Mjomba, yako imeisha chaji?” Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliiacha mashine ichote umeme ilivyotaka, ilhali ninajua vizuri ulipo mpangilio wa kuizuia. Hata hivyo, swali lake lilinirudisha kwenye hesabu ambayo naamini inaeleza ushindani wa kompyuta za kiganjani na konsoli za kubeba kuliko malumbano yote kuhusu kasi ya prosesa.

Hesabu yenyewe ni hii. Betri ya Switch ile ina uwezo wa wati-saa 16 hivi, yaani inaweza kutoa wati 16 kwa saa moja, na betri ya Deck ya mwaka 2022 ina wati-saa 40, yaani mara mbili na nusu, lakini mwenye chungu kikubwa ndiye aliyelala njaa. Kwa maelezo ya Nintendo wenyewe, toleo la Switch lililoboreshwa mwaka 2019 hucheza Breath of the Wild kwa saa tano na nusu. Gawanya 16 kwa tano na nusu, utapata kwamba mashine nzima, pamoja na skrini yake, inakula wati 3 tu. Kwenye Deck, prosesa ya AMD peke yake imeruhusiwa kufika wati 15, na ukiongeza skrini, feni na Wi-Fi, jumla huvuka 20 bila taabu unapocheza gemu nzito. Arobaini kwa ishirini ni saa mbili, na mara nyingi hata hizo hazitimii.

Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa wahandisi wa Valve. Gemu ya Switch huundwa kwa ajili ya prosesa moja inayojulikana, Tegra X1 ya Nvidia, ambayo ni ya jamii ya prosesa za simu na tableti, na waundaji hukaa miezi wakipunguza hapa na kurahisisha pale hadi gemu itoshe ndani ya umeme uliopo. Gemu ninayoicheza kwenye Deck haikutengenezewa Deck. Ni ileile inayouzwa kwa mwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro ambayo peke yake inaweza kunywa wati mia kadhaa, na mashine yangu ya mkononi inajikaza kuibeba. Ndiyo maana Deck ina menyu ya pembeni inayokuwezesha kuweka kikomo cha wati, kupunguza idadi ya picha kwa sekunde hadi 40 au 30, na kushusha mwendo wa skrini yenyewe. Switch haina menyu ya namna hiyo kabisa, na wala haiihitaji, kwa sababu maamuzi hayo yote yamekwishafanywa na mtu mwingine kwa niaba yako. Hapo ndipo ninapouona mpaka wa kweli kati ya vifaa hivi viwili. Konsoli ni uamuzi uliokamilika unaouzwa ndani ya boksi, na kompyuta ya kiganjani ni uamuzi unaoachiwa mnunuzi, ambaye huenda akaufurahia kama mimi, au akauona kuwa ni kazi ya ziada baada ya kazi.

Betri ziliwahi kuamua ushindani kama huu zamani. Game Boy ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa na skrini isiyo na taa, yenye vivuli vinne vya rangi iliyoelekea kijani, huku Atari Lynx ya mwaka huohuo na Game Gear ya Sega iliyofuata mwaka 1990 zikiwa na rangi kamili. Kwa kuzitazama dukani, mtu yeyote angesema Nintendo imeachwa nyuma. Lakini Game Gear ilitumia betri sita na kuzimaliza kwa saa tatu hadi tano, na Game Boy ilitumia nne kwa siku kadhaa za mchezo wa mtoto. Gunpei Yokoi, aliyeongoza utengenezaji wake, aliamini katika kutumia teknolojia iliyozeeka, ya bei nafuu na inayoeleweka vizuri, kwa namna mpya. Game Boy na Game Boy Color kwa pamoja ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Wengi wa kizazi changu hapa Mombasa hatukuishika Game Boy. Tulishika ile mashine ya Kichina ya matofali yanayoshuka, iliyojitangaza kuwa na michezo 9999 ambayo kwa hakika ilikuwa michache tu iliyobadilishwa mwendo. Nayo ilidumu kwa sababu ileile: mawe mawili madogo ya redio yaliiendesha kwa wiki nyingi, na mama hakuwa na sababu ya kulalamika.

Sony walijaribu mara mbili, kwa PSP mwaka 2004 na kwa PS Vita mwaka 2011, kisha wakajitoa, na Nintendo wakabaki peke yao uwanjani. Kampuni ndogo za China, hasa GPD iliyoleta GPD Win mwaka 2016, zilikuwa tayari zimethibitisha kwamba kompyuta kamili ya Windows inaweza kutoshea viganjani, lakini zile zilikuwa bidhaa za wapenzi wachache waliokuwa radhi kulipa sana na kuhangaika sana.

Steam Deck ilipotoka Februari 2022, kilichoitenga na hizo nyingine, kwa maoni yangu, ni mambo mawili ambayo matangazo hayakuyapa uzito unaostahili. La kwanza ni kitufe cha kuwashia. Unakibonyeza katikati ya pambano, mashine inalala. Unakibonyeza tena jioni, na adui yuko palepale ulipomwacha, upanga ukiwa bado hewani. Watumiaji wa konsoli wamelizoea jambo hili kiasi cha kutoliona, lakini kwa kompyuta lilikuwa jambo geni, na mtu anayecheza kwa vipande vya dakika kumi na tano, kwenye foleni ya feri ya Likoni au akingoja wali uive, halihesabu kuwa la anasa. La pili ni Proton, programu iliyotolewa na Valve mwaka 2018 ikiwa imejengwa juu ya Wine, ambayo hutafsiri maagizo ya gemu za Windows ili zifanye kazi kwenye Linux, mfumo endeshi ambao Deck hutumia badala ya Windows. Valve walikuwa wamekwishaonja uchungu wa kukosa daraja kama hilo, kwani kompyuta zao za sebuleni za mwaka 2015, zilizoitwa Steam Machine, zilidhoofika kwa kiasi kikubwa kwa sababu gemu zilizoandikwa kwa ajili ya Linux zilikuwa chache mno. Kwa Proton, Deck ilizaliwa ikiwa na maelfu ya gemu, nyingi kati yake zikiwa tayari kwenye akaunti za wanunuzi tangu miaka ya nyuma.

Ambacho Proton haijakitatua ni gemu za mtandaoni zenye programu kali za kuzuia udanganyifu. Fortnite haichezeki kwenye SteamOS, yaani ile Linux ya Valve inayoendesha Deck, na Apex Legends, ambayo ilikuwa ikichezeka, iliondolewa kwa watumiaji wote wa Linux mwaka 2024. Anayeishi kwa gemu hizo atahitaji Windows, na wenye Windows hawakosekani: ASUS walileta ROG Ally mwaka 2023 kwa dola 699, Lenovo wakafuata na Legion Go yenye skrini kubwa ya inchi 8.8 na vidhibiti vinavyochomoka, na MSI wakaleta Claw mwaka 2024. Zina nguvu kuliko Deck, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba Windows iliundwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mezani akiwa na kibodi na kipanya, na ukiiweka kwenye skrini ya inchi saba utajikuta unakitafuta kwa kidole kialama cha kufungia dirisha. Watengenezaji wenyewe wamekiri hivyo kwa vitendo. Mwaka 2025 Lenovo walitoa Legion Go S yenye SteamOS badala ya Windows, na Oktoba ya mwaka huohuo Microsoft na ASUS wakatoa ROG Xbox Ally, inayowaka moja kwa moja katika ukurasa wa Xbox bila kuupakia ukurasa wa kawaida wa mezani wa Windows. Toleo lake la juu, Ally X, liliuzwa dola 999.99, bei ambayo kwangu inaiondoa kabisa katika mazungumzo ya kushindana na konsoli.

Hapo sasa tuje kwenye pesa, ambapo hoja za marafiki zangu wa kompyuta huwa zinaruka hatua moja. Ni kweli kwamba gemu za Steam, duka la mtandaoni la Valve, hushuka bei sana wakati wa mauzo ya punguzo, na ni kweli kwamba gemu za Nintendo zenyewe hushikilia bei kwa miaka. Mario Kart World ilipotoka pamoja na Switch 2 mwezi Juni 2025, bei yake ya kidijitali Marekani ilikuwa dola 79.99. Lakini gemu ya Steam imefungwa kwenye akaunti yangu. Siwezi kumuuzia mtu nikiimaliza. Kadi ya gemu ya Switch, kinyume chake, ni kitu cha kushikika. Nilipompa mpwa wangu ile mashine nilimpa na kadi zake sita, naye tangu hapo amekwishabadilishana mbili na mwana wa jirani. Mfumo uliofungwa ndio wenye soko huru la mitumba, na mfumo ulio wazi ndio usioruhusu kuuza ulichonunua. Nintendo sasa wameanza kuuharibu wema huo kwa kadi mpya za Switch 2 ambazo nyingine hazina gemu ndani, ila ufunguo tu wa kukuruhusu kuipakua. Cyberpunk 2077 angalau ilikuja nzima kwenye kadi ya gigabaiti 64. Kwa anayenunua bando kwa gigabaiti, huo ni mgawanyiko wenye uzito wake: Baldur's Gate 3 inadai nafasi ya gigabaiti 150 kwenye Steam, na mimi niliipakua kwa usiku tatu kwenye intaneti ya ofisini, kwa idhini ambayo sikuiomba kwa maandishi.

Kuna pia suala la kuipata mashine yenyewe. Valve hawaiuzi Deck rasmi Kenya, na shilingi haimo miongoni mwa sarafu za duka la Steam. Yangu ililetwa na shemeji yangu kutoka Dubai, ambako nako ilifika kwa mkono wa wafanyabiashara wa kuagiza, na kila mkono ulioipitisha uliongeza chake. Ile bei ya dola 399 iliyotajwa Marekani wakati wa uzinduzi niliisoma tu, sikuilipa.

Je, ni ushindani kweli? Kampuni ya utafiti ya IDC ilikadiria kwamba kompyuta za kiganjani za aina zote zilizosafirishwa kati ya 2022 na 2024 zilikaribia milioni 6. Switch ya kwanza imevuka milioni 150, na Switch 2 iliuza milioni 3.5 kwa siku nne za mwanzo. Kwa idadi, basi, hakuna anayemfukuza mwenzake. Hata hivyo, sioni kuwa ni sadfa kwamba Switch 2 ilikuja na skrini ya inchi 7.9 yenye picha 120 kwa sekunde na gemu nyingi za kampuni nyingine ambazo zamani zingeikwepa, wala kwamba muda wake wa betri, saa mbili hadi sita na nusu kwa maelezo ya Nintendo, umerudi nyuma ukilinganisha na Switch ya 2019. Konsoli inasogea kuelekea kwenye nguvu na kulipa gharama ya umeme, wakati kompyuta inajifunza kulala na kuamka kama konsoli. Deck yenye skrini mpya ya OLED ya Novemba 2023 ilipandisha betri hadi wati-saa 50 na haikuongeza kasi ya kutajika, na nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote uliofanywa na upande wa kompyuta.

Siku ya kurudi Mombasa niliweka kikomo cha chini cha wati, nikaachana na Elden Ring, nikalima mashamba ya Stardew Valley tangu Syokimau, na chaji ilinifikisha Miritini na ziada. Tulipopita Voi mpwa wangu aliomba tubadilishane, nami nikampa kwa furaha ya mtu anayetarajia kupata mfuasi. Aliishika Deck kwa dakika kumi hivi, kisha akairudisha. Nilipomuuliza kama gemu haikumpendeza, alisema gemu ni nzuri, ila mikono imechoka. Deck yangu ina gramu 669. Switch, pamoja na vidhibiti vyake, ina 398.