Nilivyoifuata nasaba ya wanangu hadi kwa Kapteni Myles Standish

Mama mkwe wangu alikuwa na neno alilolirudia kila Novemba, familia inapokutana kwa sikukuu ya Shukrani: "Watoto hawa ni damu ya Kapteni Standish." Alilisikia kwa bibi yake, naye bibi alilisikia kwa mamake. Lakini nyumba nzima hapakuwa na karatasi hata moja ya kulithibitisha. Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa Massachusetts, nimekulia katika ukoo ambao mzee akikaa barazani hukutajia baba wa baba wa baba bila kushika kalamu. Niliona wanangu wana haki ya kuujua upande wao wa pili kwa uhakika uleule, basi kazi nikaichukua mimi.

Myles Standish alikuwa askari Mwingereza aliyewahi kutumika vitani Uholanzi. Wahamiaji wa dini waliokuwa wakiondoka kwenda Amerika walimwajiri awaongoze katika ulinzi, na mwaka 1620 akapanda nao meli ya Mayflower, abiria 102. Mkewe Rose alifariki Januari 1621, katika baridi iliyoua karibu nusu ya waliofika Plymouth, koloni lao. Gavana William Bradford aliandika kwamba wakati huo wazima walibaki sita au saba tu, Standish akiwa mmojawapo, na kwamba walikata kuni, wakapika, wakafua nguo chafu za wagonjwa bila kunung'unika. Sifa hiyo naithamini kuliko zote alizopewa. Baadaye alimwoa Barbara, aliyefika mwaka 1623, na watoto wao ndio waliotawanya ukoo.

Watu wengi wakipata jina kubwa huanzia huko juu, wakashuka wakitafuta njia ya kufika nyumbani. Ni hatari, kwa sababu njia itapatikana tu, hata kama si yako. Nilianza na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu wa kwanza, kisha cheti chetu cha ndoa, kisha cheti cha kuzaliwa cha baba yake, nikapanda ngazi moja moja. Kila ngazi ilihitaji karatasi inayosema wazi kwamba huyu ni mtoto wa yule. Majina kufanana hakutoshi, wala mji mmoja hautoshi.

Hadi katikati ya karne ya 19 kazi ilikwenda vizuri. Sensa ya Marekani ya mwaka 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru aliyemo nyumbani kwa jina lake, na ile ya 1880 inaeleza kila mmoja ana uhusiano gani na mkuu wa nyumba. Ya 1890 karibu yote ilipotea kwa moto wa Washington wa mwaka 1921, hivyo pengo lile nililiziba kwa vyeti vya ndoa na vya vifo. Ugumu uko kabla ya 1850. Hapo sensa inamtaja mkuu wa nyumba peke yake. Mke na watoto ni tarakimu tu katika safu za umri. Mwanamke akishaolewa, jina la baba yake linafutika. Na kamba yetu ilipita kwa mwanamke: bibi mmoja aliyezeeka magharibi ya jimbo la New York, ambaye kwenye jiwe la kaburi ameandikwa "mke wa" fulani, basi. Familia ilidai kwamba yeye ndiye aliyezaliwa Standish, kule Preston, Connecticut.

Nilikaa na bibi huyo muda mrefu. Kitabu cha ubatizo hakikuwepo, na karani wa mji alikotoka alinijibu kwa upole kwamba ndoa hiyo haimo kwenye daftari lake. Kilichonifungulia ni mumewe. Aliwahi kuwa askari katika vita vya uhuru wa Marekani, na mwaka 1838 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalipa wajane wa askari hao, mradi waliolewa kabla ya mwaka 1794. Mjane alitakiwa athibitishe ndoa yake. Wengi hawakuwa na cheti, kwa hiyo walileta walichokuwa nacho: mashahidi wa kuapa, na mara nyingi ukurasa uliochanwa kwenye Biblia ya nyumbani, ule wa kuandikia vizazi na vifo. Mafaili hayo yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Washington.

Faili la mumewe lilikuwemo. Ukurasa wa Biblia ulikuwemo pia, umekunjwa mara nne, wino umegeuka rangi ya kahawa, na kando moja inaonyesha pale mkono ulipochana kwa haraka hadi ukakata herufi za mwanzo za majina mawili. Tarehe ya ndoa ipo, watoto wote wapo. Kisha kikafuata kiapo cha kaka yake, mzee tayari, akisema alihudhuria harusi ya dada yake nyumbani kwa baba yao huko Preston, na kutia sahihi: Standish. Nilimwita mume wangu aje aone. Hatukusema mengi. Mwanamke yule aliuchana ukurasa wa Biblia yake ili alipwe haki ya mumewe, na bila kujua akawaachia vitukuu vya vitukuu vyake njia ya kurudi kwake.

Baada ya hapo nilipata wosia wa baba yake, unaomtaja "binti yangu, mke wa" fulani yuleyule. Kuanzia hapo kwenda juu njia imeshapitwa na wengine. Shirika kuu la wazao wa abiria wa Mayflower, lililoanzishwa mwaka 1897, limechapisha mfululizo wa vitabu vinavyofuatilia kila familia hadi kizazi cha tano, na baba wa bibi yetu alikuwemo. Ukoo huo unatoka kwa Josiah, mtoto wa kapteni, aliyehamia Connecticut na kufariki Preston mwaka 1690.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilitaka kumsoma kapteni mwenyewe. Wosia wake upo. Umeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao c inafanana na r na e imegeuzwa nyuma mbele. Ukisoma mistari kwa sauti, polepole, jicho huzoea. Tarehe yake ni 7 Machi 1655, na historia inasema alifariki Oktoba 1656. Si kwamba aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya kuuandika. Waingereza wakati huo, na makoloni yao mpaka 1752, walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Machi ile ni ya 1656 kwa hesabu yetu. Anayetafuta nasaba ya enzi hizo na hajui jambo hili atamzalisha mtoto kabla ya ndoa ya wazazi wake.

Ndani ya wosia anamtaja Josiah na ndugu zake Alexander, Myles na Charles. Anadai ardhi za Lancashire na kisiwa cha Man alizosema alidhulumiwa. Anaomba azikwe karibu na bintiye Lora, aliyemtangulia. Taraza ya Lora ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Pilgrim Hall, Plymouth: kitambaa kirefu chembamba cha kitani, mistari ya maua ya hariri, na chini jina lake likifuatiwa na dua kwamba Mungu auongoze moyo wake afanye mapenzi yake. Binti yangu alisimama mbele ya kioo akaisoma herufi kwa herufi. Yeye naye anashona.

Ila kuna Wessagusset, makazi mengine ya Waingereza kaskazini mwa Plymouth. Machi 1623, baada ya kuletwa habari kwamba wenyeji wa kabila la Massachusett wanapanga kuwashambulia Waingereza, Standish alikwenda huko na watu wachache, akawaingiza mashujaa Pecksuot na Wituwamat katika chumba, mlango ukafungwa. Akakinyakua kisu alichokivaa Pecksuot shingoni, akamuua nacho. Kichwa cha Wituwamat kilipelekwa Plymouth kikawekwa juu ya ngome. Mchungaji wa wahamiaji wale, John Robinson, aliyebaki Leiden, Uholanzi, alipopata habari aliandika kwa uchungu: ingekuwa heri kama mngewaongoa baadhi yao kabla ya kuua yeyote. Akaongeza kwamba anachelea kapteni amepungukiwa na huruma kwa uhai wa binadamu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu.

Mimi naona Robinson alisema kweli, na sikuwa tayari kuwapa wanangu babu aliyesafishwa. Kinachonifanya nimtazame mzee huyu kwa makini zaidi ni mstari mmoja wa wosia. Miaka 32 baada ya barua ile, Standish anaacha paundi tatu kwa msichana Mercy Robinson, anayempenda sana, anasema, kwa ajili ya babu yake. Babu huyo ni mchungaji yuleyule aliyemkemea. Hilo halimrudishi Pecksuot, lakini linaonyesha kwamba aliyekemewa hakumchukia aliyemkemea.

Maombi tuliyatuma kwenye shirika yakiwa na nakala iliyothibitishwa ya kila ngazi, na yakakubaliwa. Kisha nikaandika kijitabu cha familia. Mama mkwe alisoma rasimu, akafika Wessagusset, akavua miwani.

"Lazima na hili liwemo?"

"Ndiyo, mama. Ukurasa wa Biblia umo, taraza imo, na hili limo."

Siku ya pili alinipigia simu. Alitaka barua ya Robinson iwekwe yote badala ya sentensi mbili nilizoziteua, na majina ya Pecksuot na Wituwamat yaingizwe katika faharasa ya mwisho pamoja na ya akina Standish. Nimefanya hivyo.