Kila mtu na dawa yake

Wadada wa Bukavu, daktari wa kwanza alitugawia sote tunaotafuta mtoto klomifeni ileile, dawa ya kukuza mayai, kama vile paracetamol. Huyu wa sasa kabla ya kuandika chochote alitaka ekografia, vipimo vya damu, na vya mume pia (bwana alinuna hadi Nyawera!). Kumbe ovari zangu zina vifuko vingi. Nikapewa letrozoli, dawa iliyoanzia kwenye saratani ya matiti! Utafiti wa Marekani wa 2014 uliwahusu wanawake 750 wenye hali kama yangu: kwa letrozoli walijifungua 27.5%, kwa klomifeni 19.1%. Mimba bado. Ila safari hii kifuko cha yai kimekua, milimita 18, nimekiona kwenye skrini. Mama mkwe anaendelea kuniletea mizizi yake, naipokea tu kwa heshima, siinywi.