Siku TY175 Ilipopata Fremu Mpya

Wakati huo nilikuwa naishi Derbyshire, Uingereza. Jirani yangu alikuwa mzee aliyeshindana trial, mchezo wa pikipiki, tangu ujana wake. Trial si mbio. Dereva hupanda mawe, mizizi na vijito, na kila akitia mguu chini anaandikiwa pointi. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mzee alikuwa na Yamaha TY175 ya miaka ya 1970, ya ukoo ule uliotokana na kazi ya Mick Andrews, bingwa aliyeshinda mashindano ya siku sita ya Scotland mara 5. Andrews ni mtu wa Derbyshire, na Mzee alilitaja hilo kila alipopata nafasi.

Fremu ilikuwa imekwisha. Kwenye trial hukai kitini, unasimama, kwa hiyo uzito wako na kila pigo la jiwe huishia pale vikanyagio viliposhikizwa. Ndipo ilipopasuka, ikachomelewa, ikapasuka tena kando ya kichomeleo. Nilipoligonga bomba la chini kwa nyundo, kutu ilimwagika sakafuni kama unga. Kuendelea kuchomelea chuma cha namna hiyo ni kumhatarisha mtu.

Fremu mpya ikanunuliwa, yenye vipimo vilevile vya asili, na stakabadhi Mzee akaiweka pamoja na kadi ya pikipiki ili asije akasumbuliwa kuhusu namba ya usajili. Jumamosi moja tukaanza kazi. Hatukuinyanyua injini. Tuliilaza ubavu juu ya blanketi, tukaifunga fremu matambara isichubuke rangi, kisha tukaishusha fremu juu ya injini. Boliti ziliingia kwa mkono, moja baada ya nyingine, na hatukukaza hata moja mpaka zote zilipokaa. Gololi za shingo ya usukani tulizipanga ndani ya grisi. Mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, ukapata bushi mpya.

Nilichokipenda zaidi ni magurudumu. Habu, yaani vitovu vya magurudumu, zilikuwa nzima, rimu ndizo zilizokuwa zimeliwa na kubondeka, kwa hiyo tulinunua rimu mpya za alumini, inchi 21 mbele na 18 nyuma, pamoja na spoku mpya. Kusuka spoku nilijifunza Tanga, kwenye kibanda cha fundi baiskeli, na mikono haikuwa imesahau. Unatia kwanza za upande mmoja, unaizungusha habu mpaka zilale, ndipo unapitisha zile za kupishana nazo. Kisha nikafunga kipande cha waya kwenye foku, ncha yake ikikaribia kuigusa rimu, nikawa nazungusha gurudumu taratibu. Pale rimu inapougusa waya, unalegeza spoku za upande huo na kukaza za upande wa pili, robo mzunguko tu. Mwenye haraka huiharibu rimu hapohapo. Mzee alileta kiti, akakaa karibu, akawa anazigonga spoku kwa bisibisi na kusikiliza. Iliyolegea hutoa sauti nzito, iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba.

"Hiyo bado," ananiambia. "Sawa, Mzee." Nakaza.

Tairi zilivaliwa zikiwa na boliti ya kuzibana kwenye rimu, maana upepo wa trial ni kidogo mno, paundi 5 hivi mbele na 4 nyuma, ili mpira ujikunje juu ya jiwe na kulishika. Bila boliti ile tairi huteleza juu ya rimu na kung'oa mdomo wa tyubu.

Kesho yake tukaenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Mzee akawasha kwa teke la pili, akapanda kijito mara kadhaa, akarudi. Spoku mpya hulegea kidogo zikishaonja mawe, kwa hiyo nikaligeuza gurudumu la mbele na kuzipitia zote kwa spana huku injini ikipoa. Akanyoosha fulana yake, akasimama juu ya vikanyagio, akapandisha kijito kile kile mpaka juu bila kutia mguu chini.